Laini Namba Kumi na Saba

Nawaambia mapema: bibi yetu, doña Nélida Sarasola, nampenda, na nikimsema humu ni kwa sababu nina haki ya kumsema. Nimemvumilia kila Oktoba kwa miaka kumi na tisa, ndani ya chumba kimoja, akinisahihisha mpaka namna ninavyoshika ufagio.

Kazi yangu ni kutunza makumbusho ya mji wetu wa Paso Lagarto. Kutunza maana yake ni kufungua, kufagia, kupangusa matandiko ya farasi ya watu waliokwisha kufa na kuwaambia watoto wasiguse. Mwaka mzima tunapata wageni wanaoenea kwenye benchi moja. Lakini ikifika Siku ya Urithi, michungwa ya uwanjani imechanua na watu wamechoka kujifungia na baridi, mji mzima unamiminika uani kwetu. Tanuri la mkate linawashwa, mzee mmoja anakata kondoo manyoya kwa mkasi wa zamani, kuna mikate ya kukaanga kwa mafuta ya ng'ombe, na kuna kwaya ya shule inayoimba vibaya kila mwaka kwa bidii ileile. Halafu kuna simu.

Simu ndiyo inayowaleta, tusidanganyane. Kwenye ukumbi wa mbele tuna ubao wa simu wa mji, uleule wa zamani, wenye matundu na nyaya zake, na tumeuunganisha na simu mbili za ukutani: moja jikoni, nyingine uani chini ya mzabibu. Unazungusha mkono wa pembeni, kifuniko kidogo cha shaba kinaanguka pale ubaoni, doña Nélida anachomeka waya na kukuuliza unataka namba gani. Mtu ana simu yake mfukoni, lakini atapanga foleni saa nzima ili aongee na shemeji yake anayemwona kwa macho, hatua ishirini kutoka alipo. Tena atapiga kelele kama yuko Brazili.

Nélida alianza uopereta mwaka 1962, akiwa na miaka kumi na tisa. Ofisi ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya pembeni mwa uwanja, dirisha likitazama kanisa, na nyuma aliishi yeye na mama yake. Mji ulikuwa na simu sitini na tatu. Yeye ndiye aliyewaamsha waliotaka kuwahi basi la alfajiri, yeye aliyeita watu maghala ya ngano yalipoungua, na hakuna mtoto aliyezaliwa asijue uzito wake kabla ya baba mtu. Kila asubuhi alipaka rangi ya mdomo kabla ya kuvaa vipokea sauti, kwa sababu, alisema, sauti haitoki vizuri kwenye mdomo usiopambwa. Leo ana miaka themanini na moja na bado anapaka.

Na alijua kila mtu yuko wapi. Hilo vijana nikiwaeleza hawalielewi. Ukimwomba akuunganishe kwa daktari, hakupigi kengele kwenye nyumba isiyo na mtu. Anakwambia daktari kapita sasa hivi na baiskeli, kaenda kwa akina Pereyra, mke wa Pereyra kashikwa na uchungu, subiri nikupe kwa Pereyra. Hakuna aliyeona vibaya. Aliwahi kuugua wiki mbili, akaletwa msichana kutoka mji mwingine aliyepiga namba alizoombwa tu, na watu wakamlalamikia kwamba hana adabu.

Alikuwa anasikiliza mazungumzo ya watu? Alikuwa anasikiliza. Ukimuuliza, atakujibu kwamba alikuwa anahakikisha laini haijakatika. Hakuolewa, na akiulizwa sababu anasema angempata wapi, wakati wanaume wote wa mji huu alishawasikia wakiongea.

Mwaka 1988 walikuja mafundi wawili na koleo, wakakata nyaya zote kwa dakika ishirini, wakampa mkono na kumwambia asante. Aliwaomba ubao. Walishangaa, wakamwachia, naye akaupangusa kila Jumamosi kwenye chumba chake cha kulia mpaka makumbusho yalipofunguliwa. Siku tuliyouchukua alitembea nyuma ya mkokoteni njia nzima akiwafokea wabebaji.

Kitu kimoja tulikuwa tunamcheka: magauni. Mwanamke anayeishi peke yake, hatoki, haendi dansi, na kila mwezi anashonesha gauni. Fundi wake alikuwa Irma Techera, rafiki yake mkubwa, mdogo kwake kwa miaka mitatu, naye hakuolewa. Irma ndiye anayewashonea wanakwaya wetu aproni, na kila Siku ya Urithi anakaa kwenye kigoda uani, chini ya mzabibu, akiwaonyesha watoto namna ya kushika mkono wa simu. Hao wawili kila jioni wanakunywa yerba, chai yetu chungu ya majani, pamoja nyumbani kwa Irma, kibuyu kimoja, bomba moja, na wanatukanana kwa raha zao. Nélida anamwambia Irma ana mishono ya kipofu, Irma anamwambia Nélida ana masikio ya popo.

Watoto wakishajaa pale kwenye kigoda, Irma huwa anatoa hadithi yake, na kila mwaka ni ileile. Mwaka 1968, anasema, alikuwa na miaka ishirini na miwili na alikuwa na mchumba, Nibio Fagúndez, kijana mwembamba mwenye masikio makubwa, aliyekwenda Montevideo, mji mkuu, kutafuta kazi. Nibio akaandika barua kwamba Jumamosi, kabla ya saa sita, atapiga simu kumwambia kama wataoana au la. Irma akakaa pembeni ya simu tangu saa moja asubuhi, kajipaka unga wa uso, hata maji hakunywa. Simu haikulia. Siku hiyo laini iliharibika, na Nibio hakupiga tena, alivuka kwenda Brazili, akafia hukohuko. Basi Irma anainua kidole kuelekea ukumbini na kumalizia kwa kusema, watoto, kile kisanduku kilinilia mume. Watoto wanacheka, wakubwa wanacheka, na Nélida kule kwenye ubao wake anacheka pia. Nimemwona akicheka miaka kumi na tisa.

Mwaka huu mwalimu Heber Lemos, mwenyekiti wa kamati yetu, mstaafu asiyejua kustaafu, alipata wazo. Alisema hadithi ya Irma ni mali ya mji, iandikwe kwenye kadi ya maelezo na kubandikwa karibu na ubao. Aliandika mwenyewe, kwa maneno yake marefu. Ijumaa, siku moja kabla ya sherehe, akanipa kadi nimsomee doña Nélida, kwa kuwa chochote kinachohusu ubao ule kisipopita kwake ni vita.

Nikamsomea. Kadi ilisema kwamba Jumamosi ya tarehe kumi na mbili Oktoba 1968 ubao huu uliharibika, na kwa ajili hiyo wapenzi wawili wa Paso Lagarto hawakuonana tena. Nilitegemea atabishana kuhusu nukta na mkato. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya gauni, akaivaa tena, halafu akaniambia nisome mara ya pili.

"Ubao huu haukuharibika siku hiyo," alisema. "Ubao huu haujawahi kuharibika hata siku moja."

Nikamwambia, basi labda ilikuwa waya wa njiani. Akasema si waya wa njiani. Akaniomba nifunge mlango. Akanieleza.

Nibio alipiga. Alichelewa, kwa sababu kule mjini kulikuwa na foleni kwenye vibanda vya simu, lakini alipiga saa sita na dakika ishirini, akaomba namba kumi na saba, nyumba ya akina Techera. Nélida alitazama dirishani kama kawaida yake. Na pale mbele ya kanisa akamwona Irma anaingia, gauni jeupe, maua mkononi, ameshikwa mkono na Ademar Pintos, mtoto wa mwenye duka. Ilikuwa harusi ya binamu yake Irma, na Irma na Ademar walikuwa wasimamizi. Nélida alilijua hilo vizuri kabisa. Basi akamjibu Nibio alivyozoea kumjibu kila mtu. Alimwambia Irma hayupo nyumbani, kaingia kanisani sasa hivi na Ademar Pintos. Nibio akauliza, na maua? Akamwambia, na maua, tena kapendeza kweli.

"Kila nilichomwambia kilikuwa kweli," alisema. "Halafu akanyamaza. Mimi najua ukimya wa watu kwenye simu, Marisel. Nilijua kabisa ameelewa nini. Nilikuwa na nafasi ya neno moja tu, harusi ya binamu yake, na sikulisema."

Nikamuuliza kwa nini. Nilimuuliza kwa ukali, sitaki kujipamba. Akasema Nibio alikuwa mcheza karata, hana mbele wala nyuma, na mji wote ulikuwa unasema Ademar anamtaka Irma, na Ademar alikuwa na duka. Alidhani anamsaidia. Alidhani kwa Krismasi watu watakuwa wanacheza harusi nyingine. Nibio akasema asante, dada, akakata. Ademar akaoa mwanamke wa mji wa Durazno. Na Irma akatangaza kwamba laini iliharibika, na Nélida akaacha iwe imeharibika, mwezi wa kwanza kwa aibu, na baada ya mwaka ilishakuwa haiwezekani tena kusema. Alichoweza kufanya ni kumpa Irma kazi, kumshonesha magauni. Aliniambia anayo mia sita na kitu, na mengi hajawahi kuyavaa.

Hapo nikakumbuka tulivyokuwa tunamcheka, nikaona aibu yangu.

Nilimwuliza Nibio alitaka kumwambia Irma nini. Akaniangalia kama nimemwomba aibe. Akasema ujumbe una mwenyewe, na mwenyewe si mimi. Mwanamke aliyesikiliza mazungumzo ya mji mzima kwa miaka ishirini na sita, eti ujumbe una mwenyewe. Nilitaka kucheka lakini sikuweza.

Nikamshauri anyamaze. Naam, mimi. Nilimwambia bibi wa watu ana miaka sabini na nane, ana hadithi yake inayochekesha watoto, mwache nayo, nitamwambia mwalimu Heber kadi ina makosa na tutaitupa. Akasema kadi ikitupwa, mwakani ataandika nyingine. Akasema yeye aliacha uongo ukae mdomoni mwa Irma, lakini uongo huohuo kubandikwa kwenye ubao wake, chini ya taa, watoto wa shule wakinakili kwenye madaftari, hilo hapana. Nikamwambia basi mwendee leo jioni, mnywe yerba, umwambie. Akatikisa kichwa. "Nimekwenda kwake jioni nyingi kwa nia hiyohiyo, mwanangu. Uso kwa uso sijui kusema. Maisha yangu yote nimesemea kwenye waya."

Jumamosi jua lilitoka safi na mji ulikuja wote. Nakala nyingine ya kadi ya mwalimu Heber ilikuwa ukutani, kaibandika mwenyewe asubuhi kabla sijafika, kwa gundi yenye nguvu. Nélida alikuja na gauni la bluu na mdomo mwekundu, akaketi, akanikabidhi vipokea sauti vya pili, vile vya mwanafunzi, kwa sababu tangu mwaka jana ananifundisha kazi ili siku akiondoka ubao usibaki bubu. Asubuhi nzima aliunganisha watu bila kukosea. Aliwagombeza watoto wanaopuliza kwenye simu. Nikaanza kufikiri amebadili nia, na nikafurahi, nakiri.

Kama saa tisa Irma alikuwa kigodani kwake, kazungukwa na watoto wa darasa la nne. Kupitia dirisha nilimwona anainua kidole kuelekea kwetu, na kicheko kikapanda uani. Safari hii Nélida hakucheka. Akachukua waya, akauchomeka kwenye tundu la uani na kupiga kengele. Kwa kawaida simu ile hailii bila mtu wa jikoni kuiomba, na hakuna aliyeomba. Irma alishtuka, akawaonyesha watoto uso wa mshangao kama mwigizaji, akainua mkono wa simu.

Nami nilisikiliza. Nani alinifundisha?

"Irma," alisema Nélida. "Hiyo hadithi yako si ya kweli. Laini haikuharibika. Nibio alipiga."

Irma alicheka, akamwuliza kama ameanza kunywa divai mapema. Nélida akaendelea. Alisema yote, foleni, dirisha, gauni jeupe, maua, Ademar, ukimya, bila kujitetea na bila kusimama, kwa sauti ileile ya kutangaza namba. Neno la duka la Ademar nalo alilisema. Kupitia dirishani nikaona Irma anawasukuma watoto kwa mkono, taratibu, wasogee mbali, halafu akageukia ukuta.

"Saa ngapi?" Irma aliuliza.

"Saa sita na dakika ishirini."

"Nilitoka nyumbani saa sita na robo. Shangazi alikuwa ananifokea maua yananyauka."

Kwaya ilikuwa inaimba upande wa tanuri, na sauti yao iliingia kwenye vipokea sauti mara mbili, kupitia dirishani na kupitia kwa Irma. Niliona Nélida kafumba macho. Nilitaka kumshika bega lakini niliogopa.

"Miaka hamsini na sita," alisema Irma, "unakunywa kwenye kibuyu changu."

"Ndiyo."

"Na magauni."

"Ndiyo, na magauni."

Nikadhani atakata. Mkono wa simu aliushusha mpaka kifuani, akakaa hivyo, na mimi nilikuwa na hasira na huruma, sijui kwa yupi kati yao. Halafu akaurudisha sikioni.

"Alisemaje? Sitaki maneno yako. Nipe yake."

Nélida alikaa wima. Alijifuta machozi kwa kiganja, akasafisha koo, na alipofungua mdomo sauti ilibadilika, ikawa na haraka ya kijana. "Dada Nélida, nipe kumi na saba, fanya upesi, sarafu zinaisha. Nimepata kazi kiwanda cha glasi, tangu Jumatatu. Na chumba nimepata, kina dirisha la uani. Mwambie Irma nimemwuliza mwenye nyumba kuhusu cherehani, hana neno nayo, ashone hata usiku. Mwambie karata nimeacha. Hapana, hilo nitamwambia mwenyewe."

Irma aliegemeza paji la uso ukutani. Mgongo wake ulikuwa unatikisika, na mtoto mmoja alimshika aproni kwa nyuma akiuliza kama anaumwa.

"Aliuliza habari za cherehani," alisema.

"Aliuliza."

"Kabla hajajua kama nitakubali."

"Kabla."

Mwalimu Heber akaingia ukumbini na saa mkononi, kulalamika kwamba simu ya uani imesimama na foleni imefika barabarani. Nikamnyooshea kidole aende nje. Hakwenda. Nikabandua kadi yake ukutani mbele ya macho yake, ikachanika katikati, nikaitia mfukoni.

"Nélida," ilisema sauti ya Irma. "Kesho usije kwangu. Na keshokutwa usije. Nikitaka kukuona nitakuja mwenyewe, na sijui ni lini." Akavuta pumzi. "Sasa sema tena, polepole, kuanzia kwenye kiwanda cha glasi."

Nélida akaanza kusema tena. Nikavua vipokea sauti vyangu, nikamshika mwalimu Heber mkono na kumtoa mlangoni, na aliponiuliza kuna nini, nikamwambia laini ina watu, asubiri.